Maji Yasiyoota Kitu

3 Februari

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Pokea salamu kwanza, maana maneno yanayofuata yana miiba. Hujambo? Unakula, au unakunywa chai tu na kusema umeshiba? Kile kikohozi kimeisha au unakificha? Mimi nipo. Goti la kushoto linapiga kelele nikiinuka, na la kulia limeanza kumwiga mwenzake.

Anayeandika ni Karani, jirani yetu aliyestaafu posta. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asitie sukari. Unajua mimi kalamu sikuwahi kuishika, na macho ya kuhakikisha alichoandika sina. Kwa hiyo ukiona mahali nimekuwa mpole sana, jua hapo ni yeye. Simu sitaki. Unasemea hapa, inasikika kule, katikati yupo nani? Hakuna anayejua.

Barua yako imesomwa. Unataka maji ya bwawa letu. Nilimwambia Karani arudie, nikadhani ameruka mstari. Maji? Huko mjini bomba zimekauka? Mwaka jana mlikuja na huyo profesa wako, mimi namwita Miwani, mkachota mkaondoka. Yale yamekwenda wapi? Na huyo Miwani alinawa mikono bwawani kabla hajanisalimia. Mtu anayeanza na maji ya mwenye nyumba kabla ya mwenye nyumba, ana lake jambo.

Nieleze mnayafanyia nini. Nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye akili ambaye hakusoma, wapo wengi. Na kwa nini usije kuchota mwenyewe? Kuna mwanamume? Kama yupo, sema, tumjadili.

Ni mimi,
Bibi yako

(Mimi Karani: sikutia sukari.)

11 Februari

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha kweli, na mwanamume hayupo. Msalimie Karani, mwambie mwandiko wake bado unanyooka kuliko wangu. Goti lisugue, usilitukane tu.

Nitakueleza. Majani yanaanguka bwawani kila siku, tangu hujazaliwa wewe. Kwa nini bwawa halijajaa majani mpaka juu? Kwa sababu mna viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, bakteria, wanaoyala. Wakishakula wanapumua, na ile pumzi yao inapanda juu kama moshi usioonekana. Ni hewa ileile inayotoka kwenye moto na kwenye magari, ile inayosemwa kwamba inaipasha dunia joto. Watu wanahesabu magari na viwanda, lakini mabwawa na mito nayo inapumua, na hakuna anayejua vizuri ni kiumbe yupi anapumua kiasi gani.

Mimi nataka kujua. Kila kiumbe ana maagizo ndani ya mwili wake, vinasaba, yanayomwambia kula hiki, acha kile. Nikizima agizo moja nikaona ameacha kula majani, nimejua ni agizo lipi. Lakini ili kulizima inabidi nimwingizie kipande cha maagizo kilichotengenezwa na mimi, na hapo ndipo kazi ilipo. Hawa wa bwawa letu wanashuku kila kitu. Kila kipande chao wenyewe kina alama. Kikiingia kisicho na alama, wanakikatakata papo hapo. Miezi yote hii najaribu kukivisha kipande changu alama zao, wadhani ni cha nyumbani.

Nilikuwa karibu, Bibi. Kisha umeme ukakatika mwisho wa juma, barafu ya friji la maabara ikayeyuka, na wote wakafa. Siwezi kuja, vile vipande vyangu vipo mezani, haviwezi kuachwa hata siku moja. Profesa amesema mvua zikiisha bila mimi kuwa na kitu cha kuonyesha, meza yangu anapewa mwingine.

Nakuomba basi. Chota maji pale kwenye majani meusi, chupa isijae kabisa, mpe dereva wa basi la asubuhi. Usitie kitu chochote ndani: si chumvi, si shabu, si dawa ya maji, si jani la kunukia. Stendi atayapokea kijana wa maabara, tunamwita Kimya. Anaosha vyombo na kuendesha mtungi wa mvuke, ule tunaoulia vijidudu.

Nakupenda,
Mjukuu wako

18 Februari

Mke mwenzangu,

Umeamkaje huko? Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, na goti nimelisugua, likanijibu.

Chupa hii hapa. Sikutia kitu, naapa kwa kaburi la babu yako, na unajua sikumwapia wakati yupo hai.

Maelezo yako yameingia. Karani alisoma, mimi nikasikiliza huku nachambua mchele, na nikawapenda hao wadudu wako kuliko wewe unavyowapenda. Mgeni hana alama, akatwe. Hao wana akili. Wewe sasa unataka kumvika mgeni nguo za nyumbani apite mlangoni. Nikuulize kitu kimoja na ujibu: ukishawazoeza kupokea mgeni, kesho akija mgeni mbaya? Na hao uliowachezea, wanarudi kwenye bwawa langu? Hapa watu wanaoga, ng'ombe wanakunywa. Sitaki kuamka nikute bwawa limegeuka rangi na Miwani amehama mji.

Na huyo Kimya ni nani? Ana wazazi? Kwa nini hasemi? Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtu wa maneno mengi kama mimi, ubaya wake utausikia kabla haujafika. Asiyesema utausikia ukishapita. Mwangalie.

Bibi yako

9 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kuku hawajambo, na Karani hajambo. Mimi mwili upo, moyo hauko sawa.

Kwanza nikutoe wasiwasi: hakuna anayerudishwa bwawani. Wakitoka hapa wanapita kwenye mtungi wa mvuke, hakuna anayebaki.

Chupa zako zote zimefika, ya kwanza na zile mbili ulizoongeza baadaye. Ninachukua tone, naliweka kwenye sahani yenye chakula chao, nangoja. Mwaka jana maji haya haya, niliyochota kwa mkono wangu, yaliota vidoa vyekundu kama unga wa pilipili. Sasa hayaoti kitu. Sahani ni tupu na safi kama uso wa kioo.

Nimebadilisha chakula. Nimebadilisha joto. Mwenzangu wa meza ya pili ana maji ya mto, ameyaweka kwenye chakula changu mimi, yakaota siku ya pili. Kwa hiyo chakula hakina kosa, na meza haina kosa. Maji yananifikia yamekufa.

Nimekaa nikafikiri. Kati ya mkono wako na mkono wangu kuna watu wawili: dereva, ambaye hajui hata kilichomo, na Kimya. Na Kimya ndiye mwenye mtungi wa mvuke. Ukiweka chupa mle kwa muda mfupi tu, kila kilicho hai kinakufa na maji yanabaki vilevile kwa macho. Sisemi ni yeye. Lakini mwaka jana aliomba afundishwe kazi ya meza, Profesa akamwambia asubiri, na nafasi nikapata mimi.

Usimwambie mtu.

Mjukuu wako

14 Machi

Mjukuu wangu,

Nisimwambie mtu, na barua ananisomea Karani. Haya. Nimemwapisha. Ameapa kwa pensheni yake.

Sikuulizi hali kwa urefu leo, hali yako nimeiona. Umelala vibaya na unatafuna kucha.

Mimi nilisema nini? Kikulacho ki nguoni mwako. Anaosha vyombo vyenu, anaingia na kutoka, hakuna anayemtazama, na nafasi aliyoitaka umekalia wewe. Wewe umesoma, unataka ushahidi. Mimi nimeuza sokoni miaka yote ya uzima wangu, na mwizi wa soko nilimjua kwa alivyoshika kikapu. Lakini haya, tumpe nafasi ya kujisafisha.

Chupa hii nimeizungushia uzi mwekundu shingoni, nikafunga fundo langu, lile ninalofungia magunia, ambalo hata babu yako alilishindwa akaleta kisu. Juu ya fundo nimedondosha nta ya mshumaa. Akilifungua hawezi kulirudisha. Ikifika na fundo, basi ameachwa na shetani. Ikifika bila fundo, mjukuu wangu, usije kunililia kwamba una huruma.

Usimwambie kama ipo na uzi. Iende tu.

Bibi yako

25 Machi

Bibi,

Shikamoo. Uzi ulifika umekatwa.

Nilimwuliza taratibu, mbele ya mwenzangu wa meza ya pili. Nani amefungua chupa? Akasema: "Mimi." Kwa nini? Akaniambia maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia. Kwamba askari wa stendi alimsimamisha, akaona chupa ya maji yenye rangi ya chai, imefungwa uzi na nta, akasema hii ni pombe ya magendo au ni sumu. Kwamba alimwambia ni maji ya bwawa, askari akacheka, akamwambia: "Kama ni maji, kunywa." Kwamba alikata uzi akanywa, mafunda mawili, askari akamwachia.

Nikamwuliza, ulikunywa lini? Akasema juzi. Na tumbo? Akasema tumbo zima, halina neno.

Bibi, mimi na wewe tunajua kuliko watu wote maji yale mabichi yanamfanya nini mtu. Hakuna anayekunywa mafunda mawili akaamka kesho anaosha vyombo huku anapiga mluzi. Hapo nikajua anasema uongo. Na maji ya chupa hiyo nayo hayakuota kitu.

Nilikwenda kwa Profesa. Akaita kikao, watu wote wa maabara tukasimama, nikasema yote: chupa, mtungi, uzi, nafasi aliyoikosa. Profesa akamwuliza kama ana la kusema. Akasema: "Nilikunywa." Basi. Wenzetu wawili wakacheka.

Akavua koti lake jeupe, akalikunja kama wanavyokunja nguo dukani, akaliweka juu ya meza yangu. Si juu ya meza ya Profesa. Yangu. Akaondoka.

Sina la kuongeza. Tuma chupa nyingine, tafadhali.

Mjukuu wako

30 Machi

Mke mwenzangu,

Salamu nyingi, na hongera. Huwa sikusifu, utavimba, lakini leo nakusifu. Umesimama mbele ya watu na ukasema. Aliyekufundisha kusema ni mimi, si Miwani.

Eti alikunywa. Watu wa siku hizi hata uongo hawautengenezi vizuri. Angesema chupa ilianguka, tungehangaika.

Hilo la koti sikulipenda, lakini. Karani alipolisoma alirudi akalisoma tena, nikamwuliza kuna nini, akasema hakuna. Na yeye nimeanza kumtilia mashaka.

Chupa hii ina uzi na nta kama ile. Nenda kaipokee wewe mwenyewe, usimtume mtu. Sasa yataota. Yakiota niletee habari, niwatangazie hapa kwamba bwawa letu limefika mjini na linakaa mezani.

Bibi yako mwenye furaha

12 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimesimama, kukaa nimeshindwa.

Chupa niliipokea kwa mkono wangu kutoka mkononi mwa dereva. Uzi mzima. Nta nzima. Fundo nililikata mimi, kwa kisu, kama Babu. Macho yangu hayakuiacha chupa mpaka maji yalipofika kwenye sahani.

Hayakuota kitu.

Nimerudia. Hayakuota. Na Kimya hayupo, yuko kwao.

Nakuomba, na usikasirike. Nieleze unavyoyachota, kuanzia unapotoka mlangoni mpaka unapompa dereva. Usiruke kitu, hata kama ni kidogo, hata kama ni cha kipuuzi. Chombo gani, umekioshea nini, umeyaweka wapi, kwa muda gani.

Mjukuu wako

17 Aprili

Wewe mtoto,

Salamu utazikuta mwisho kama zitabaki.

Sasa ninapelelezwa mimi. Mimi niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua, watu wakasema mwache, huyo ni wa kufa. Umemmaliza Kimya, umekuja kwangu. Karani, andika hivyohivyo, usilainishe.

Haya, sikiliza. Naamka. Nachukua ndoo, ile ya bluu, haijawahi kutiwa sabuni. Nashuka bwawani mpaka kwenye majani meusi, naingia mpaka magotini, na magoti unayajua. Nachota. Napanda. Nabandika sufuria jikoni, nachemsha mpaka yatokote vizuri, naipua, nafunika, naacha yapoe. Nachuja na kitambaa safi? Hapana, uliniambia usitie, usitoe, sikuchuja. Nasuuza chupa kwa maji hayohayo ya moto. Namimina, naacha nafasi, nafunga. Nampa dereva. Kitu sikutia. Si chumvi, si shabu, si hiyo dawa. Basi, kosa langu liko wapi?

Karani ameweka kalamu chini.

Nimemwambia aishike. Ananitazama kama ng'ombe anayetazama treni. Ananiuliza, Mama, ulichemsha? Nimemwambia nilichemsha, ulitaka nimtumie mtoto maji mabichi? Maji mabichi hayajatoka mlangoni mwangu tangu mama yako. Alitoka shambani na kiu, akainama pale bwawani, akanywa. Juma halikuisha. Wewe ulikuwa unatambaa, ulikuwa unamtafuta chini ya kitanda. Toka siku ile, anayeondoka kwangu na maji anaondoka na yaliyochemshwa, awe mjukuu, awe mwizi. Wewe mwenyewe ulikwenda shule miaka yote na chupa yenye joto, ulikuwa unaikumbatia asubuhi za baridi. Ulidhani joto lile lilitoka wapi?

Karani ananiuliza tena. Pole pole, kama mtu anayemtoa mwiba mtoto. Anasema, Mama, yule kijana alisema alikunywa, na tumbo halikumuuma.

Tumekaa kidogo hapa, mjukuu wangu. Nimemwambia Karani anisomee tena barua yako ile ya koti.

Alikunywa. Hakuumwa kwa sababu mimi nilichemsha. Alisema kweli yote, na tulilichinja jina lake, mimi na wewe, mimi nikishika miguu na wewe ukishika kichwa.

Nenda kwa Miwani. Usisubiri barua nyingine. Kasimame palepale, mbele ya walewale.

Salamu zimebaki chache. Zichukue.

Bibi yako

8 Mei

Mjukuu wangu,

Hujambo? Nauliza kweli, maana sijui.

Mabasi yamepita mengi. Kila likipita, dereva anatikisa kichwa kabla sijamwuliza. Karani anasema labda barua imepotea. Karani alifanya kazi posta, lazima aseme hivyo, ni utetezi wa kazi yake.

Mimi nina mawazo mengine. Nadhani barua umeipata. Nadhani umeisoma, ukaikunja, ukaenda kazini, na ukasema kesho. Na kesho yake ukasema kesho. Nadhani umeanza kujiambia kwamba yule kijana ameshapata kazi pengine, vijana hupata. Nadhani hata maji mabichi umekwishachota mahali, na sahani zinaota, na watu wanakupongeza.

Nimekulea. Ukivunja sahani ulikuwa unaificha chini ya nyingine nzima.

Umesema au hujasema?

Bibi yako

13 Mei

Bibi,

Shikamoo. Barua niliipata. Sijasema.

Maji sijachota popote, hilo umenionea. Sahani zimekaa tupu. Lakini mengine yote ni kama ulivyodhani.

Kila siku ninafika mpaka mlangoni kwa Profesa. Ninaona miwani yake imeinama juu ya karatasi, ninarudi. Nimwambie nini? Kwamba nimefanya kazi msimu mzima juu ya maji yaliyochemshwa jikoni kwa bibi yangu, na sikuwahi kuuliza? Mimi ninayejua alama za kiumbe asiyeonekana, sikujua kwetu tunachemsha maji? Kila mtu hapa atanicheka mpaka nistaafu. Meza itaondoka. Na wewe watakucheka, Bibi, hilo ndilo siwezi.

Koti lake bado lipo juu ya meza yangu. Nafanya kazi upande mmoja.

Nipe muda kidogo.

Mjukuu wako

22 Mei

Mke mwenzangu,

Sikukupa muda. Nilikuja mjini.

Usishtuke, nimeshafika nyumbani, nipo kitandani na magoti nimeyafunga kitambaa. Kwako sikupita. Ningepita ningekuona ulivyokonda, ningekuhurumia, tukanywa chai, nikarudi na aibu yangu kama nilivyokuja nayo. Na usitumie jina langu kujifichia. Wakinicheka, wanicheke. Nimechekwa na watu wenye meno mengi kuliko hao.

Stendi nilimtafuta yule askari. Nikamwuliza, wewe ndiye unayewanywesha watu? Akacheka, akasema, "Bibi, yule kijana wa chupa ya uzi? Alikunywa bila kukunja uso, nikajua si pombe." Anapajua na kwao, kila mtu wa stendi anapajua, kumbe ni nyuma tu ya gereji. Nyinyi hamkuuliza. Hata mimi sikuuliza, nilikuwa nimeshajua kila kitu.

Nilimkuta mama yake anaanua nguo. Nilijitaja. Hakunikaribisha kiti, na usimlaumu, mimi nisingemkaribisha hata kivuli. Nikasema nimesimama. Nikasema kwamba mimi ndiye niliyechemsha maji, mimi ndiye niliyesema mwangalieni huyo, mimi ndiye niliyefunga uzi, na kwamba mwanawe hakusema uongo hata neno moja. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakunja shuka. Kisha akaniambia, "Aliporudi hakuniambia kitu. Nilidhani amefukuzwa kwa wizi. Nimekaa naye humu ndani ninamhesabia vijiko." Akalia, na mimi nikalia, wote tumesimama.

Kijana alitoka ndani. Si mrefu kama nilivyomwazia. Nilimrudia yote. Nilikuwa na chupa, nimeichota alfajiri ile, mbichi, nimeifunga kitambaa tu mdomoni. Nikamwachia. Sikumwambia akuletee. Nilimwambia, haya ni maji ya yule aliyekukosea, yapo hai, ukiyamwaga ni haki yako.

Mama yake alinitajia jina lake, lile alilompa yeye. Nimemkataza Karani asiliandike. Umefanya naye kazi, unamwita Kimya kama unavyoita mbwa kwa rangi yake. Nenda ukaliulize.

Sasa mimi nimemaliza langu. Lako bado.

Bibi yako akupendaye, hata leo

2 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole ya magoti. Mama wa yule kijana ametuma mafuta nikuletee, anasema upake ukiwa umekaa karibu na moto.

Nilisema. Barua yako niliisoma nikiwa kwenye ngazi za maabara, na sikuikunja, niliingia nayo mkononi. Nilimwomba Profesa aite watu walewale. Wawili waliocheka siku ile walicheka tena, nilipofika kwenye sufuria. Nikaendelea. Profesa alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema meza anampa mwenzangu wa maji ya mto, na mimi nitakaa pale kwenye karo, nitaosha vyombo na kuendesha mtungi mpaka apate mtu. Kisha akatuma ujumbe kwa kijana arudi kazini. Jibu lilikuja: hapana.

Kwa hiyo sasa naosha vyombo. Ni kazi ngumu, Bibi. Sahani zikioshwa vibaya, kila mtu anajua. Zikioshwa vizuri hakuna anayejua.

Alhamisi mlinzi wa getini aliniita, akasema nina mgeni. Nilikuwa na mikono ya sabuni. Alikuwa amesimama nje ya geti na chupa, kitambaa chako mdomoni, ameishika kwa mikono miwili, wima, kama mtu aliyetembea nayo hivyo tangu nyumbani kwao. Nilimwambia niliyokuwa nimeyapanga. Yalitoka nusu. Alinisikiliza huku anatazama mikono yangu. Nikamwomba aingie, nikamwambia koti lake nimelifua. Akatikisa kichwa.

Maji nimeyaweka kwenye sahani moja tu, ndiyo niliyoruhusiwa, ipo dirishani juu ya karo. Jana yalikuwa na vidoa vinne vyekundu.

Alipogeuka kuondoka nilimfuata nje ya geti, nikamwuliza jina lake. Alisimama. Nilidhani hatajibu, na nisingemlaumu. Kisha akalisema, mara moja, kwa sauti ya kawaida, akavuka barabara.

Silitaji hapa, Karani atalisoma kwa sauti na dirisha lako huwa wazi. Wewe unalijua. Sasa tunalijua wawili.

Mjukuu wako